Majibu kwa Wasomaji: Nani Atalaza Bomba la Majitaka Kichochoroni?

Barua tatu kati ya zilizotufikia zinahusu jambo moja, yaani majitaka ya mitaa ambayo jiji limeikuta imeshajengwa. Tumeziweka pamoja, na jibu la kwanza ni refu kuliko mengine kwa sababu mwandishi wake ameuliza swali ambalo mengine yote yanalitegemea.

Barua ya kwanza

*Ndugu Mhariri, habari za kazi. Kichochoro chetu kina nyumba kumi na nane, na kila nyumba ina choo cha shimo. Gari la kunyonya majitaka haliwezi kupita. Mvua za masika zikianza, baadhi ya majirani hutapisha vyoo usiku, na asubuhi sote tunaruka madimbwi ambayo kila mtu anajua yametoka wapi. Tumekaa kikao mara tatu. Wazee wanasema tuisubiri Serikali. Vijana wanasema tuchange, tulaze bomba letu wenyewe. Je, jambo hili liliwahi kufanyika mahali popote likafaulu, au tutazika fedha zetu ardhini?*

*Mwenye nyumba, Manzese, Dar es Salaam*

Jibu: Lilifanyika, tena kwa ukubwa unaoshangaza, huko Orangi, makazi yasiyopangwa yaliyo pembezoni mwa jiji la Karachi nchini Pakistani. Mwaka 1980 mzee mmoja aitwaye Akhtar Hameed Khan, ambaye alikuwa akikaribia miaka sabini, alianza kuzunguka katika vichochoro vya Orangi akiwauliza wakazi ni adha ipi inayowakera kuliko zote. Hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Ujanani alikuwa ofisa katika utumishi wa serikali ya kikoloni ya Waingereza, akajiuzulu katika miaka ya 1940, akajifunza kwa muda ufundi wa makufuli, na baadaye akaongoza mradi wa maendeleo ya vijijini huko Comilla, katika nchi ambayo leo inaitwa Bangladesh. Wakazi wa Orangi walimjibu karibu maneno yale yale ya wazee wenu: adha kubwa ni majitaka, na wa kuyaondoa ni Serikali, bila malipo.

Khan hakubishana nao kuhusu wajibu wa Serikali. Aliwaonyesha tu kwamba watoto wao wangekuwa watu wazima kabla bomba la Serikali halijafika mlangoni. Kisha alifanya uamuzi ambao wengi waliudhani wa ukatili, yaani kutowapa wakazi hata senti moja ya kununulia mabomba. Mradi wake uliwapa upimaji wa ardhi, michoro, makadirio ya gharama, vifaa vya kuazima na ushauri wa mafundi. Fedha zilichangwa na wakazi, zikakaa mikononi mwa mtu waliyemchagua wao, na watumishi wa mradi hawakuzigusa. Kipimo cha ushirika kilikuwa kichochoro chenye nyumba ishirini hadi thelathini, wala si kata wala mtaa mzima, kwa sababu katika nyumba ishirini kila mtu anajua nani ametoa, nani anadaiwa na mfuko umewekwa wapi. Nyumba zenu kumi na nane zinakikaribia sana kipimo hicho.

Mwanzoni walikosea, na hili linapaswa kusemwa kwa sababu wanaosimulia habari za Orangi hupenda kuliruka. Baadhi ya mabomba ya mwanzo yalivuja kwenye viungo na zege lake lilikuwa duni, maana watu walikuwa na haraka na mafundi wao hawakuwa wamefunzwa. Ilibidi mradi urudi nyuma, ufundishe mafundi wa humo humo mitaani na kutengeneza kalibu za chuma za kufyatulia mifuniko ya chemba, yaani mashimo ya kukagulia na kuzibulia bomba. Hatimaye zaidi ya nyumba 90,000 za Orangi ziliunganishwa na mabomba yaliyogharimiwa na wakazi wenyewe, kwa gharama iliyokuwa sehemu ndogo tu ya ile ambayo wakandarasi wa jiji wangetoza.

Hata hivyo, jambo ambalo nakuomba ulipeleke kwenye kikao chenu cha nne si hilo la kuchanga, bali ni mgawanyo wa kazi ambao Orangi waliufikia. Wao walitofautisha kazi za ndani na kazi za nje. Choo cha nyumbani, bomba la kichochoro na bomba la mtaa linalopokea vichochoro kadhaa ni kazi ambazo wakazi wanaweza kuzigharimia na kuzisimamia. Bomba kuu na mahali pa kusafishia majitaka ni kazi ambazo hakuna mchango wa kikao unaoweza kuzifikia. Hizo ni za jiji, na jiji lidaiwe hizo kwa jina. Kwa mgawanyo huo, wazee wenu na vijana wenu wana haki kila upande, ila wanazungumzia mabomba mawili tofauti.

Msanifu majengo Parveen Rahman, aliyejiunga na kazi ya Orangi akiwa bado kijana na baadaye akaiongoza, ndiye aliyeonyesha namna ya kuudai upande wa jiji. Yeye na vijana aliowafundisha walichora ramani za mitaa, mabomba na mikondo ya asili ya maji ya mvua, wakaonyesha kwamba majitaka ya sehemu kubwa ya Karachi yalikuwa tayari yanafuata mikondo hiyo, kwa hiyo ilikuwa rahisi zaidi kuijengea na kuifunika mikondo kuliko kukopa fedha nyingi kwa ajili ya mitandao mipya isiyofuata mteremko wa ardhi. Ramani zilimfanya asikilizwe, na kwa kuwa zilihusu ardhi na maji katika jiji ambalo vyote viwili ni biashara ya watu wakali, zilimletea pia maadui. Aliuawa kwa risasi Machi 2013 akiwa njiani kurudi nyumbani.

Turudi Manzese. Swali la kwanza si mfuko wa saruji unauzwaje, bali ni bomba lenu litaishia wapi. Bomba la kichochoro lisilo na mwisho ni choo cha kutapisha kilichofunikwa kwa udongo, na litakalobadilika ni jirani gani anayeruka dimbwi. Pale Vingunguti wakazi walio katika shirikisho la vikundi vya kuweka akiba, wakisaidiwa na shirika lisilo la kiserikali la CCI (Centre for Community Initiatives), walijenga mfumo mwepesi wa majitaka, na wenzao hao walikuwa na bahati ya kuwa jirani na mabwawa ya majitaka. Ninyi itawabidi mwende ofisi ya Serikali ya Mtaa, kisha DAWASA, mamlaka ya maji na majitaka ya Dar es Salaam, mkaulize bomba kuu lililo karibu nanyi liko wapi, liko kina gani, na kama linaruhusiwa kupokea maunganisho mapya. Nendeni kabla ya kuchanga hata shilingi moja, kwa sababu fedha ikishakusanywa huwa na haraka yake. Ujenzi nao huanzia chini, kwenye bomba kuu, ukipanda kuelekea nyumba ya mwisho. Kichochoro kilichoanzia juu hugundua kosa la mteremko siku ya mwisho.

Kuhusu gharama, msitishwe na bei ya mabomba ya barabarani. Bomba la barabarani huzikwa kina kirefu kwa sababu malori hupita juu yake, na huhitaji chemba kubwa ambazo mtu anaweza kuingia. Kichochoroni hakuna lori. Wabrazili waliliona hilo mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika jimbo la Rio Grande do Norte, wakalaza mabomba membamba ya milimita 100 kwa kina kifupi, yakipita uani au pembeni mwa nyumba, yakiwa na chemba ndogo za matofali. Mteremko ndio roho ya kazi hiyo, na fundi mzuri wa mtaani anaweza kuuhamisha kutoka nyumba hadi nyumba kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani yake. Kama maji yenu ni ya ndoo na si ya bomba, mwelezeni mchoraji mapema, maana uchafu hausafiri bila maji. Orangi waliweka kati ya choo na bomba shimo dogo lililojengewa, ambalo hubakiza vitu vizito ili bomba lipokee maji peke yake. Shimo hilo lazima lisafishwe kila baada ya muda, na zamu ya kulisafisha iandikwe kabla ya kulijenga.

Barua ya pili

*Mhariri mpendwa, mimi ni mpangaji Mukuru kwa Reuben, Nairobi. Tangu nihamie hapa nimehesabiwa mara nne na watu tofauti, kila mmoja na simu yake na maswali yale yale: mko wangapi, choo mnatumia na nani, maji mnanunua kwa pesa ngapi. Hesabu hizi zinamsaidiaje mtu ambaye hata nyumba si yake?*

*Msomaji, Nairobi*

Jibu: Uchovu wako una sababu. Hesabu inayoondoka na mgeni haimwachii aliyehesabiwa chochote, na una haki ya kumuuliza anayebisha mlangoni ni lini na ni wapi atarudisha matokeo.

Ila ipo hesabu ya namna nyingine, na Mukuru yenyewe ni ushahidi. Jockin Arputham, mkazi wa makazi duni ya Mumbai aliyeanzisha shirikisho la kitaifa la wakazi wa makazi hayo nchini India katika miaka ya 1970, alishuhudia mtaa wake wa Janata Colony ukibomolewa mwaka 1976. Yeye na wenzake walishika njia ya wakazi kujihesabu wenyewe, kwa hoja kwamba ofisi inayosema ninyi ni wavamizi wachache hukosa la kujibu ikiwekewa mezani orodha ya kila kaya. Njia hiyo ilifika Nairobi kupitia Muungano wa Wanavijiji, uliozaliwa mwaka 1996 katika mapambano dhidi ya kufukuzwa watu makwao.

Takwimu zilizokusanywa Mukuru na Muungano pamoja na watafiti wa vyuo vikuu zilionyesha kwamba mkazi wa kibanda hulipa kwa kila mita ya ujazo ya maji bei kubwa kuliko mkazi wa mtaa wenye mabomba rasmi. Maskini, kwa maneno mengine, ndiye mteja anayelipa zaidi, na hoja ya kwamba Mukuru haiwezi kulipia huduma ilianguka hapo. Agosti 2017 Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la kupangwa, lenye kaya zaidi ya 100,000. Ili watu wengi kiasi hicho washauriane bila mkutano kugeuka kelele, kaya ziliwekwa katika makundi ya kumi kumi, kila kundi na mwakilishi wake, na makundi hayo yakaunganishwa hadi kufikia kaya mia moja hivi. Mpangaji alihesabiwa sawa na mwenye nyumba, na hilo ndilo jibu la swali lako: katika orodha ya hati za ardhi wewe hupo, lakini katika orodha ya kaya upo, na Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, inayotaja makazi, maji safi na usafi wa mazingira, inamtaja kila mtu, bila kuuliza nani ana hati.

Sitakuficha upande wa pili. Oktoba na Novemba 2021 nyumba nyingi za Mukuru kwa Njenga zilibomolewa kupisha barabara, ingawa eneo lilikuwa limehesabiwa, limechorwa na kutangazwa. Hesabu haikulizuia tingatinga. Kama hujui ni nani mwakilishi wa kundi lako la kaya kumi, au kama kundi lilikufa baada ya mipango kuandikwa, ningeanza na hilo kabla ya kumjibu mhesabuji wa tano.

Barua ya tatu

*Shikamoo Mhariri. Mimi na wenzangu watatu tunatapisha vyoo kwa ndoo Temeke. Watu hutuita vyura. Tunafanya usiku kwa sababu mchana tunakamatwa. Tufanyeje tuwe na kazi halali?*

*Kijana, Temeke*

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Huenda mnachokamatiwa zaidi ni mahali mnapomwaga kuliko kuchota kwenyewe, kwa hiyo anzeni na hapo: jisajilini kama kikundi katika halmashauri yenu na muombe utaratibu wa kupeleka majitaka kwenye mabwawa yanayoruhusiwa. Dar es Salaam ilishapata vikundi vilivyotumia pampu ya mkono iitwayo Gulper, ambayo huvuta uchafu bila mtu kuingia shimoni, na kuusafirisha kwa mapipa yenye mifuniko juu ya guta. Pampu hiyo huziba kwa nguo na chupa, kwa hiyo bei ya choo kilichogeuzwa jalala iwe tofauti, na mwenye nyumba aambiwe kabla. Pigeni hesabu ya mafuta na umbali wa kwenda bwawani kabla ya kutaja bei, maana safari ndiyo itakayokula faida yenu. Nunueni viatu vya mpira na glavu kwa fedha za kwanza, ulizieni kituo cha afya chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini, na asiwepo wa kushuka ndani ya shimo hata kama zimebaki ndoo mbili tu na mwenye nyumba amesimama juu akihimiza, kwa sababu hewa ya chini ya shimo huua kabla mtu hajapata nafasi ya kupiga kelele.