Waini ya 1994 ya wazazi: ninunue hii ya dukani?

SWALI: Habari yako, Mama? Mimi ni msomaji wako, niko Kisumu. Baba na mama walioana 1994 na sisi watoto tunawaandalia sherehe, tukasema tutafute waini ya mwaka huo huo tuwafungulie mezani. Kuna duka moja hapa tauni nimeona Bordeaux, waini ya Ufaransa, ya 1994, imesimama kwa shelfu kando ya dirisha, na bei yake weh! Muuzaji ananiambia waini kadiri inavyozeeka ndivyo inavyokuwa tamu. Ninunue ama niwache?
Kitinda mimba, Kisumu

JIBU: Wacha, mwanangu. Na hata akikupunguzia bei, wacha tu.

Huyo muuzaji amekosea. Waini nyingi hutengenezwa zinywewe ndani ya miaka michache, ukikaa nazo sana ladha ya matunda inaisha. Zenye huzeeka vizuri ni chache, na hata hizo zinategemea vile jua na mvua vilikuwa mwaka huo na mahali hapo. Bordeaux ya 1994 ilinyeshewa Septemba, wakati wa kuvuna, na mtu yeyote amevuna mahindi Kitale mvua ikinyesha anajua hiyo ni hasara gani. Lakini mwaka huo huo, Ureno kwa bonde la Douro, zabibu zilikubali kabisa, na Port, waini tamu ya huko, ya 1994 ni kati ya zile bora za karne iliyopita. Rioja ya Uhispania pia ilikuwa nzuri sana.

Kwa hivyo tafuta Port. Wanaiongezea pombe kali ya zabibu kabla sukari haijaisha kuchacha, inafika kama asilimia 20, ndiyo maana inavumilia miaka mingi. Soma lebo vizuri, iwe Vintage Port. Ikiandikwa Late Bottled Vintage hiyo ni nyingine, haikutengenezwa kungoja hivyo.

Sasa sikiza hapa, maana hapa ndipo watu huumia. Mimi nilipewa chupa siku ya harusi yangu nikaiweka juu ya kabati, juu ya jiko, nyumba yetu ya Nakuru, miaka kumi na moja. Siku tuliifungua ilikuwa siki, na mzee wangu alikuwa ameshavaa suti. Joto huua waini, yataka kama nyuzi 13, gizani, chupa ikilala ili kizibo kisikauke. Hiyo yako ya dirishani, na joto la Kisumu, imesimama, hata ingekuwa ya mwaka mzuri nisingeigusa. Muulize muuzaji imekaa wapi miaka hiyo yote, iangalie kwa mwanga, ukiona waini imeshuka chini ya shingo ama kizibo kimesukumwa juu, rudisha.

Ukiipata, isimamishe siku mbili kabla ya sherehe machicha yatulie chini, halafu mimina polepole kwa jagi ukimulika shingo na tochi, machicha yakifika simama. Glasi ziwe ndogo, chupa moja inatosha watu kama kumi. Wageni wengine wape Leleshwa ya Naivasha, hiyo ni ya kunywa ikiwa changa.

Mpe baba afungue mwenyewe, lakini mwambie kizibo cha miaka hiyo huvunjika haraka, azungushe polepole, na mama awe na kichujio safi karibu.