Ukichagua kuwa msimulizi kwenye mchezo wa njozi, hadithi yako iache kitu mezani

Kila tukianza mchezo mpya hapa Mwanga, mjini Kigoma, watu hukimbilia panga. Huyu anataka kuwa mpiganaji, yule mchawi wa moto, mwingine mwizi wa kufungua makufuli. Msimulizi (kwa Kiingereza bard), ambaye silaha yake ni hadithi na nyimbo, hubaki mwisho, na mara nyingi huangukia kwa aliyechelewa kufika. Inanisikitisha, kwa sababu katika miaka yote niliyoongoza michezo hii Kigoma, sijaona mhusika anayeibadili dunia ya mchezo kama msimulizi aliyepata mchezaji anayemjulia.

Kwa asiyeufahamu mchezo wenyewe: mnakaa mezani, kila mchezaji ana mhusika wake, na mmoja wenu, mwongoza mchezo, anabeba kila kilichobaki: wanakijiji, wanyama, hali ya hewa, maadui. Unasema mhusika wako anafanya nini, na penye mashaka dadu linaamua. Mchezo uliozaa aina hii, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Msimulizi hakuwemo. Aliingia mwaka 1976, Doug Schwegman alipomwandika kwenye jarida la mchezo huo, akiwachanganya watunzi na waimbaji wa Ulaya ya kale. Kitabu cha kanuni cha 1978 kikamfanya mgumu kumfikia: ilibidi mhusika awe mpiganaji kwanza, kisha mwizi, ndipo aanze usimulizi.

Leo unamchagua tangu siku ya kwanza. Ni sawa, lakini mimi lile sharti la zamani nalipenda, kwa kuwa lilimtaka msimulizi awe mtu aliyetembea akaona mambo. Mchezaji akiniletea msimulizi, swali langu la kwanza huwa hili: kabla ya hapa ulikuwa unafanya kazi gani? Ulikuwa mpagazi wa misafara? Mvuvi? Ulichuuza mawese kijiji hadi kijiji? Asiponijibu hilo, sianzi naye, maana hatakuwa na cha kusimulia zaidi ya wafalme na mazimwi ambayo kila mtu ameshayasikia.

Ninalolisisitiza kuliko yote ni kwamba hadithi ya mhusika wako iache kitu mezani. Jina la mtu, mahali, deni, njia iliyosahaulika, kifaa kilichofichwa. Kiwe kitu ambacho wenzako wanaweza kukifuata kesho, na mwongoza mchezo asiweze kujifanya hakukisikia.

Mfano ni huu. Kundi letu lilifika kijiji kimoja kando ya ziwa, likitaka mtumbwi wa kuvuka usiku. Wavuvi wakagoma. Katika dunia ile nilikuwa nimeweka mbalamwezi isiyokoma, na mtu yeyote wa mialo yetu ya Kibirizi au Katonga anaelewa shida yake: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukikolea taa haivuti kitu, na wavuvi hupumzika. Pale kijijini pumziko lilikuwa limeshageuka njaa. Mpiganaji akataka kuwatisha. Mchezaji wa msimulizi, dada mmoja mpole asiyependa kelele, akamzuia, akamwendea mzee wa kijiji. Mzee huyo nilikuwa mimi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mtumbwi sikuja kuuomba. Nimekuja na habari za wahunzi waliozamisha kazi ya mikono yao."

Mtu wa Kigoma hahitaji kuambiwa alikoitoa. Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa huku kwa vipande, na Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe isitekwe na adui. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Iliibuliwa mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini. Yeye hakutaja lolote kati ya hayo, kwa kuwa dunia yetu haina injini wala Wajerumani. Alisimulia habari za wahunzi waliokuwa na taa ya kuvulia yenye mwanga kuushinda mwezi. Vita vilipokaribia, wakaipaka mafuta mazito, wakaifunga kwa ngozi, wakaishusha ziwani wakisema wajukuu wao wataifuata. Halafu akauliza, "Mzee, babu zako walikuwa wahunzi?" Akanyamaza, ananitazama.

Hazikuzidi dakika mbili. Wavuvi wakawa na sababu ya kutoa mtumbwi, tena na wazamiaji juu yake. Kundi likapata safari ambayo hakuna aliyeifikiria. Mimi nikajikuta nina taa ambayo sikuipanga, na lile swali la mwisho likanilazimisha niamue papo hapo wazee wa kijiji kile walikuwa wanaficha nini. Tulipofika kwenye dadu, nilimwekea namba ya chini kabisa ya kufikisha, kwa kuwa kazi yenyewe alikuwa ameshaimaliza kwa maneno.

Dakika hizo mbili nazo uzizingatie. Zaidi ya hapo wenzako wataanza kushika simu, na watakuwa na haki. Ukiona hadithi ni ndefu, igawe: nusu leo kwenye moto wa kambi, nusu siku mkifika mahali panapotajwa.

Jambo jingine ni mwitikio. Toleo la tano la kanuni, la mwaka 2014, linamruhusu msimulizi kumtia moyo mwenzake aliye ndani ya futi 60, kama mita 18 hivi, ilimradi anamsikia. Mwenzake anapata dadu la pande sita, na ndani ya dakika 10 za mchezo anaweza kujiongezea namba yake kwenye jaribio moja. Wachezaji wengi husema tu "haya, nakupa dadu", yakaisha. Inaniuma, kwa sababu kanuni inataka usikike! Mezani kwetu msimulizi hutoa "Paukwa!", na anayeitika "Pakawa!" ndiye anayepewa. Likiwa pambano kubwa tunaendelea na Chanjagaa aliyejenga nyumba akakaa, mpaka kwenye vijino kama chikichi, na hapo hata aliyekuwa amesinzia huamka. Tuko katika mkoa wa michikichi, kila mtu anaiona chikichi yenyewe.

Sikubali msimulizi wa kutongoza kila mhusika anayempita. Tabia hiyo imezoeleka mno, inawachosha wengine, na kina dada mezani ndio wanaoudhika zaidi.

Dadu likikukataa, usikimbilie kusema hadithi ilikuwa mbovu au sauti ilikauka. Hapo utakuwa umefunga mlango. Sema hadithi ilipokelewa vibaya. Labda mmoja wa wasikilizaji amemtambua baba yake katika yule mwizi uliyemsimulia, na sasa anataka kujua nani kakwambia. Labda kijiji kimeiamini kupita kiasi, kesho wanataka kwenda nanyi watu 40. Mimi kama mwongoza mchezo nafurahia namba mbaya za msimulizi kuliko nzuri zake, kwa sababu ndizo zinazomletea maadui wenye sababu.

Weka pia daftari la mhusika: hadithi gani aliisimulia kijiji gani, nani alikuwepo, nini aliahidi. Akirudi miezi sita baadaye, kuna mtoto atakayemsahihisha.

Kwa mnaotaka kuanza, kanuni za msingi za toleo la tano, msimulizi akiwemo, ziko chini ya leseni huria ya Creative Commons tangu Januari 2023. Unazipakua bure, ila ni za Kiingereza, hivyo mmoja wenu azisome na kuwaeleza wengine. Dadu la pande 20, lile linaloamua majaribio, msilihangaikie madukani. Programu ya simu inatosha, au fanyeni kama sisi: karatasi 20 zenye namba, zilizokunjwa sawasawa, ndani ya kopo la maziwa. Ukishasoma namba yako, ikunje uirudishe na kopo litikiswe kabla mwingine hajachota.