Maintani wa wadi ya watoto, kuhusu projeria, ugonjwa adimu unaozeesha mwili wa mtoto mapema

Juzi kwenye raundi intani mmoja alimtazama mtoto asiye na nywele, akaniuliza kwa sauti, "Huyu ana umri gani hasa?" Mtoto akamjibu mwenyewe: "Minane. Na wewe?" Nilicheka mpaka nikajishika mbavu. Lakini kila kundi jipya linakuja na yale yale, kwa hiyo someni.

1. Semeni na mtoto. Projeria haigusi akili. Nywele zinapukutika, mafuta ya chini ya ngozi yanakwisha, viungo vinakakamaa, mishipa ya damu inakuwa migumu. Ila usahaulifu wa uzeeni hawapati, wala mtoto wa jicho. Nikikuta "mzee mdogo" kwenye faili tena, mtalifuta mbele yangu.

2. Historia ya familia. Hapa mnivumilie. Nikiwa intani nilikuwa nimekariri kwamba hitilafu ya jeni LMNA ni otosomo dominanti, yaani nakala moja mbovu inatosha kuleta ugonjwa, basi nikajiona bingwa. Nikawakalisha wazazi, nikawaambia ugonjwa ni wa kurithi, nikauliza kama wana undugu, na ni upande upi wenye watoto waliofariki mapema. Baba akamgeukia mama. Mama akainamia mikono yake. Mimi nikaendelea kuandika, mwandiko mzuri kabisa. Kliniki iliyofuata mama alikuja peke yake: ukweni walishaamua damu mbaya ni ya kwake. Bosi wangu hakunifokea, na heri angefoka. Aliuliza tu, "Wazazi wamepimwa?"

Hawakuwa wamepimwa. Na walipopimwa, hakuna aliyekuwa na hitilafu hiyo. Katika projeria ya Hutchinson-Gilford, ndiyo hii ya watoto, hitilafu karibu kila mara huzuka upya kwa mtoto mwenyewe. Ni herufi moja tu ya jeni, C kuwa T, na hata amino asidi, kijenzi cha protini, haibadiliki. Tatizo ni kwamba inafungua mahali pa kukatia ujumbe wa jeni pasipostahili: lamini A, protini inayoshikilia umbo la kiini cha seli, inapungukiwa na amino asidi 50, inakuwa projerini, inang'ang'ania utando wa kiini cha seli na kukiharibu umbo. Haya yalijulikana mwaka 2003. Mimi sikuwa na kisingizio. Niliwaita wote wawili, nikaeleza upya. Baba akauliza, "Kwa hiyo hakuna mwenye kosa?" Nikasema hakuna. Mama hakutia neno. Maneno ya ukweni alikuwa ameshayasikia yote.

Wakiuliza kuhusu mimba nyingine, msiseme "haiwezekani". Mzazi anaweza kuwa na hitilafu hiyo kwenye baadhi ya seli zake tu. Hatari ni ndogo, lakini ipo. Wapelekeni kwa mshauri wa jenetiki.

3. Moyo na ubongo. Bila dawa wengi hufariki wakiwa na miaka kama 14, kwa shambulio la moyo au kiharusi. Maumivu ya kifua au mguu uliolegea ghafla ni dharura, hata kama mgonjwa ana miaka saba.

4. Lonafarnibu, dawa ya projeria iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020, haiponyi, inaongeza muda. Inatapisha na kuharisha, kwa hiyo angalieni maji mwilini. Na haichanganywi na midazolamu, dawa ya kutuliza! Ndiyo, ile ile mnayoikimbilia mtoto akiogopa mashine.

5. Nusu kaputi: taya ni dogo, njia ya hewa ni nyembamba. Mwiteni mwenye mkono mzoefu kabla, msingoje mpaka mrija wa hewa ugome kuingia.

6. Dozi. Pimeni uzito na urefu siku hiyo hiyo. Atakayekadiria kwa umri atarudi kupima mbele ya wenzake wote.