Maswali na majibu: "attainable" na jamaa zake

Safari hii barua nyingi zimehusu kivumishi kimoja cha Kiingereza, "attainable", ambacho watu hukiandika kwenye ripoti, maombi ya ufadhili na barua za kazi wanapoeleza jambo linaloweza kufikiwa. Yapo maswali yaliyonilazimu kueleza kwa kirefu, na yapo yaliyokwisha kwa mistari miwili.

Mhariri, "attainable", "achievable" na "feasible" zinatofautianaje? Kamusi yangu inazipa zote maana moja.

Kamusi ndogo haina nafasi ya kutofautisha, lakini Kiswahili chako kinayo. Kauli ya kutendeka imeshakufanyia nusu ya kazi: lengo linafikika, mpango unatekelezeka, kitu kinapatikana, jambo linawezekana. Hakuna mtu anayesema mpango "unapatikana" akimaanisha kwamba unaweza kutekelezwa. Basi kabla ya kuchagua neno la Kiingereza, jiulize ungetumia kitenzi gani kwa Kiswahili. Kinachofikika ni "attainable", kinachotekelezeka ni "feasible", kinachopatikana ni "obtainable" au "available", na kinachowezekana tu, bila kuahidi zaidi ya hapo, ni "possible".

"Attainable" ina mzizi wa Kilatini "tangere", yaani kugusa. Kwa hiyo huambatana na vitu vilivyo juu au mbele yako: kiwango, alama, shabaha, daraja. "Feasible" ilipitia Kifaransa na inatokana na kitenzi cha kufanya, hivyo hupima njia: fedha zipo? Muda unatosha? Watu wapo? Ndiyo maana upembuzi yakinifu unaitwa "feasibility study", na hujapata kusikia mtu akiagiza "attainability study".

"Achievable" ndiyo inayokaribiana zaidi na "attainable", na kwa malengo ya kazi unaweza kuweka yoyote kati ya hizo mbili bila kuharibu maana. Nikibanwa nitofautishe, nitasema "achieve" inabeba juhudi za mtendaji, ilhali "attain" inatazama kile kiwango chenyewe.

Ukitaka kuona tofauti ikifanya kazi, soma hii: "The target is attainable, but the plan is not feasible." Haijipingi hata kidogo. Lengo linafikika, wengine wameshalifikia, ila njia uliyoichora wewe haitekelezeki.

Niliandika "It is attainable to finish the work by June", mkuu wangu akaikata kwa kalamu nyekundu bila kueleza. Kosa liko wapi?

Mkuu wako hakukosea, ingawa maelezo kidogo yasingemgharimu. "Possible" na "feasible" hukubali muundo wa "it is … to". "Attainable" na "achievable" huukataa. Hutaka nomino ya kitu chenyewe kinachofikiwa. Andika "It is feasible to finish the work by June", au ugeuze sentensi: "The June deadline is achievable."

Kosa pacha lake ni hili: "We are attainable to finish." Kinachofikika ni lengo. Anayelikimbilia hafikiki, anaweza tu, na neno lake ni "able": "We are able to finish."

Na kwa kuwa umeigusa "feasible", tahadhari moja. Wapo wanaoandika "It is feasible that it will rain" wakimaanisha huenda mvua ikanyesha. H. W. Fowler, mwandishi wa mwongozo maarufu wa matumizi ya Kiingereza, aliikemea tabia hiyo mwaka 1926, na wahariri wengi bado wanaikata hadi leo. Mvua haitekelezwi na mtu. Andika "possible" au "likely".

Kwenye wasifu wangu nimeandika "I attained a diploma in 2019." Ni sawa?

Itaeleweka, lakini cheti hupewa au hupatikana, kwa hiyo "obtained" au "earned" ni bora. Kinachokuwa "attained" ni kiwango: "attained a high standard". Umri pia unaingia hapa. Maneno "attained the age of 18" yamejaa kwenye sheria na fomu, nayo ni sahihi.

Umewahi kusema tufuate Kiswahili. Je, kijiji kisichofikika ni "unattainable"?

Hapana, na hapa ndipo Kiswahili kinapotutega. "Fikika" yetu inabeba barabara na ndoto kwa pamoja; Kiingereza kimezitenga. Mahali pasipofikika ni "inaccessible". Ukimwambia msomaji kijiji ni "unattainable", ataelewa kwamba watu wanakitamani maisha yao yote na hawakipati. Vivyo hivyo na mtu asiyepatikana kwenye simu: ni "unavailable", au "cannot be reached".

Kwa nini tunaandika "the highest attainable standard of health"? Kwa nini isiwe "the highest standard" tu?

Hili limenifurahisha, kwa kuwa hapa kivumishi kimoja kinabeba mzigo wa kisheria. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyosainiwa mwaka 1946 na kuanza kutumika tarehe 7 Aprili 1948, inasema kufurahia kiwango hicho ni mojawapo ya haki za msingi za kila binadamu. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiuchumi, kijamii na kiutamaduni wa mwaka 1966 ulirudia wazo hilohilo katika ibara ya 12, ukiongeza afya ya mwili na ya akili.

Sasa liondoe neno "attainable" uone kinachobaki. Inabaki ahadi ambayo hakuna dola linaloweza kuitimiza, maana ni kama kusema kila mtu ana haki ya kutougua kabisa. Mwili una mipaka yake, na hazina ya nchi ina mipaka yake. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba huo ilieleza mwaka 2000 kwamba kiwango hicho kinazingatia hali ya kimaumbile na kijamii ya mtu pamoja na rasilimali za nchi yake. Kwa upande wa pili, neno hilohilo linamfunga anayetawala: kinachofikika kwa rasilimali zilizopo lazima kifikiwe. Kinyume chake kingekuwa "a reasonable standard", ambacho kila serikali ingekipima kwa kijiti chake.

Hilo ndilo jaribio ninalopenda kwa kivumishi chochote. Kitoe. Sentensi ikibaki na maana ileile, usikirudishe.

Ipi ni sahihi: "the highest attainable score" au "the highest score attainable"?

Zote mbili. Vivumishi vya "-able" na "-ible" vinaruhusiwa kukaa nyuma ya nomino iwapo mbele yake kuna neno la kilele kama "highest" au "best". Kikiwa nyuma kinapata mkazo zaidi. Bila neno hilo la kilele, kiache mbele: "an attainable score".

Ofisini tunaambiwa malengo yawe SMART, kifupisho ambacho kila herufi yake inataja sifa moja ya lengo zuri. Wengine wanasema A ni "achievable", wengine "attainable". Nani mkweli?

Kwa asili, hakuna. George T. Doran alipoichapisha fomula hiyo mwaka 1981, A yake ilikuwa "assignable": lengo liwe na mtu aliyekabidhiwa. R ilikuwa "realistic". Baadaye wakufunzi waliibadilisha A, wengine kwa "achievable", wengine kwa "attainable", na wote wawili wakajikuta wanasema karibu kitu kilekile mara mbili, kwa kuwa lengo la "realistic" tayari linafikika. Pengine ndiyo sababu wengi wameigeuza na R ikawa "relevant".

Mimi ningeirudisha ya Doran. Malengo mengi ya ofisini yanafikika vizuri tu. Yanakufa kwa sababu hayana mwenyewe. Lakini kama fomu ya mfadhili inasema "attainable", jaza "attainable" na usianze ugomvi. Ila usiandike "achievable and attainable" kwa pamoja. Hiyo ni kujaza karatasi.

Nisaidie tahajia: ni "feasable" au "feasible"? Na kinyume chake ni "un-" au "in-"?

"Feasible", kwa "i". "Attainable" na "achievable" kwa "a", na "achieve" inapoteza "e" ya mwisho. Kuna ujanja wa kuondoa kiambishi uone kama kinabaki kitenzi kamili: "attain" inabaki, "feas" si neno. Ujanja huo husaidia, lakini usiutegemee sana. "Probable" na "accessible" zinauvunja.

Kinyume: "unattainable", "unachievable". Kwa "feasible", "infeasible" na "unfeasible" zote zipo. Wanahisabati wamezoea ya kwanza. Chagua moja, uishike hadi mwisho wa ripoti.

Naweza kusema "very attainable"?

Kisarufi unaweza, ila wenye lugha yao mara nyingi husema "easily attainable" au "readily attainable". Na kihusishi kinachofuata hutegemea unachotaja: "by" kwa watu watakaolifikia, "through" kwa njia, "within" kwa muda.