Jibu: Mkazo wa maneno ya Kihispania

Habari mkuu wa Kilwa Masoko. Umeuliza kwa nini wageni Wahispania unaowapeleka Magofuni hawakuelewi ukisema "historia" na "ciudad" (mji), na kwa nini "canción" (wimbo) ina alama ya mkazo (´) ilhali "canciones" (nyimbo) haina.

Anza na silabi, kwani hapo ndipo sisi Waswahili tunapokwama. Kwetu kila irabu ni silabi: hi-sto-ri-a, mkazo kwenye RI. Kihispania, i au u isiyo na alama ikikaa kando ya a, e, o, huungana nayo: his-TO-ria, silabi tatu tu. Irabu a, e, o zikikutana zenyewe hutengana: mu-SE-o. Alama juu ya í au ú huvunja muungano: pa-ÍS, DÍ-a. Usitenganishe ch, ll, rr, wala bl, br, tr na wenzao: LI-bro.

Sasa tazama herufi ya mwisho. Neno likiishia na irabu, n au s, mkazo ni silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Likiishia na konsonanti nyingine, mkazo ni wa mwisho: ciu-DAD, ha-BLAR. Ukiacha alama ya kuvunja muungano kama kwenye DÍ-a, neno likivunja kanuni hiyo huandikwa alama. Can-CIÓN linaishia na n lakini mkazo uko mwisho, kwa hiyo alama. Can-CIO-nes linafuata kanuni, alama ya nini?

Ukiona alama, ifuate bila kuhesabu. Wakati wa kuandika usiiache: HA-blo ni "nazungumza", ha-BLÓ ni "alizungumza".