Wahudumu wanapumzika, mbona foleni haiishi?

SWALI: Habari zenu. Mimi nasimamia madirisha mawili ya huduma, kila moja na foleni yake. Kila dirisha linapokea watu kama 18 kwa saa na mhudumu ana uwezo wa kuhudumia 20, kwa hiyo bosi anasema nafasi bado ipo, foleni ni uzembe tu. Mi nawaona wanavyojituma, roho inaniuma. Kuna mtu kaniambia utafiti wa operesheni, yaani ile elimu ya kutumia hesabu kupanga kazi, una hesabu za mambo haya, ni kweli au ni za wasomi tu?

JIBU: Pole sana ndugu, na hapana, wahudumu wako hawana kosa. Hesabu hizi zilianzia kwenye shida kama yako kabisa, mwaka 1909 Agner Erlang wa Denmark alikuwa anakokotoa simu zinazoingia kwenye mitambo ya simu, hazina ratiba, mara kimya mara zote kwa pamoja. Na watu wako ndo hivyohivyo. Dakika tano dirisha liko tupu, halafu wanaingia watatu kwa mpigo na wa kwanza fomu yake haijajazwa vizuri, sasa zile dakika tano za mwanzo huwezi kuziweka akiba uje kuzitumia hapa, zimeshapotea. Hapo ndo foleni inapozaliwa.

Tufanye watu wanakuja bila mpangilio na muda wa kuhudumiwa nao unapanda na kushuka. Wakija 15 kwa saa, mtu anatumia wastani wa dakika 12 mpaka anatoka. Wakija 18 kama kwako inakuwa 30. Akiongezeka mmoja tu, wakawa 19, ni saa nzima! Mwonyeshe bosi hizo namba tatu, maana yeye anaona nafasi ya watu wawili imebaki, kumbe hiyo nafasi ndogo ndo inayozuia foleni isilipuke.

Sasa kabla hujaomba mtu wa tatu, unganisha foleni. Mstari mmoja, atakayekuwa mbele anaenda dirisha lolote lililo wazi. Kwa namba zako zilezile wastani unashuka toka dakika 30 mpaka kama 16, bila kuajiri mtu, kwa sababu hakuna tena dirisha linalokaa bure huku wengine wamejazana la pili. Mimi naanzaga na hili kila mara.

Ila usinichukulie kama saa ya ukutani, huo ni wastani na asubuhi yako inaweza isifanane na mchana. Chukua daftari wiki nzima, andika kila mtu kaingia saa ngapi, kaanza kuhudumiwa saa ngapi, katoka saa ngapi, halafu tuma hapa tuangalie pamoja kama huyo wa tatu anahitajika kweli, na ni saa zipi.