Kwa wanaoanza kusoma protini za ukuaji wa neva

Wanafunzi wengi wapya huingia maabara wakiamini kwamba protini za ukuaji wa neva zipo kwa ajili ya kurefusha nyuzi za seli tu, na kwamba kadiri zinavyozidi ndivyo ubongo unavyonawiri. Kwa uzoefu wangu wa kuwasimamia vijana wa shahada ya uzamili hapa Dar es Salaam, imani hiyo huwapotezea muda mwingi kuliko ugumu wa mbinu zenyewe. Nawashauri muiweke kando tangu wiki ya kwanza, na muanze na swali la uhai: seli hii inategemea nini ili isife?

Katika kiinitete, mwili hutengeneza seli za neva nyingi kuliko zitakazohitajika, na katika sehemu nyingi za mfumo wa neva karibu nusu yake hufa kabla ukuaji haujakamilika. Hazifi kwa ugonjwa. Kila seli hupeleka akzoni yake, yaani uzi wake mrefu wa kupitisha ishara, kwenye ngozi, misuli au kiungo kingine, na huko hukuta protini kidogo tu inayotolewa na tishu hiyo. Ni sawa na bomba la mtaa siku ya mgao wa maji, ambapo waliowahi hujaza ndoo na waliochelewa hurudi mikono mitupu. Seli iliyokosa huwasha mpango wake wa ndani wa kujiua, na zinazobaki hulingana kwa idadi na ukubwa wa eneo zinalolihudumia. Kurefuka kwa nyuzi, ambako ndiko kunakoonekana vizuri kwenye hadubini, ni sehemu moja tu ya kazi hiyo.

Historia ya ugunduzi huu naitaka isomwe na kila anayeanza, kwa sababu ina somo la kazi ambalo vitabu vya mbinu hulipita haraka. Rita Levi-Montalcini, aliyezuiwa kufanya kazi chuoni na sheria za ubaguzi za Italia za 1938, aliendelea kuchunguza viinitete vya kuku katika chumba chake cha kulala mjini Turin, kisha mwaka 1947 akahamia St. Louis, Marekani. Mwaka 1952, akiwa Rio de Janeiro, aliweka kipande cha uvimbe wa panya karibu na fundo la neva la kiinitete cha kuku, na nyuzi zikachomoza kwa wingi kulizunguka fundo hilo. Baadaye mwenzake, Stanley Cohen, alitaka kujua kama kinachofanya kazi hiyo ni asidi nukleiki au ni protini, akatumia sumu ya nyoka kwa kuwa ina enzimu za kuvunja asidi nukleiki. Nyuzi hazikupungua, ziliongezeka. Ilipojaribiwa sumu peke yake, bila uvimbe, ikadhihirika kwamba yenyewe ina protini ile kwa kiwango kikubwa zaidi. Kwa kuwa sumu hutoka katika tezi zenye undugu na tezi za mate, Cohen akageukia tezi za mate za panya dume, na humo akapata protini hiyo, iliyoitwa NGF (kifupi cha Kiingereza cha kichochezi cha ukuaji wa neva), ya kutosha kuisafisha. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Mwanafunzi mwenye haraka angeiandika sumu ile kuwa jaribio lililoharibika na kuitupa. Kipimo chenu cha ulinganisho, yaani kile kisicho na sampuli mnayoichunguza, kikitoa jibu kubwa kuliko sampuli, kirudieni peke yake kabla ya kukilaumu.

Hatua iliyofuata ilikuwa na uzito uleule: panya wachanga walipodungwa kingamwili, yaani protini za kinga zinazoishika na kuizuia NGF, mafundo yao ya neva za simpathetiki (zinazoendesha moyo, mishipa na viungo vingine bila hiari) yaliteketea karibu yote. Kuongeza protini na kuona nyuzi huonyesha kwamba protini hiyo inaweza. Kuiondoa na kuona seli zinakufa huonyesha kwamba seli haziwezi bila hiyo. Pendekezo la utafiti lenye upande mmoja tu kati ya hizo mbili nitalirudisha.

Mkisoma makala, tafuteni kipokezi, yaani protini ya seli inayoshikwa na protini ya ukuaji, kabla ya matokeo. Mamalia wana protini nne za ukoo huu: NGF, BDNF (iliyopatikana kwanza kwenye ubongo), NT-3 na NT-4. NGF hushika kipokezi cha TrkA, BDNF na NT-4 hushika TrkB, na NT-3 hupendelea TrkC. Vipokezi hivyo vikiamshwa huanzisha ndani ya seli mfuatano wa ishara, ukiwemo ule wa enzimu iitwayo Akt unaozima protini za kuanzisha kifo. Kuna pia kipokezi cha p75, na hapo ndipo wengi hujikwaa: BDNF hutengenezwa kwanza ikiwa ndefu, yaani proBDNF, ambayo isipokatwa na enzimu hushika p75 ikishirikiana na kipokezi kingine, sortilini, na inaweza kuisukuma seli kwenye kifo. Jeni ni moja, lakini kazi mbili hizo hukinzana. Kwenye utando wa kupimia, ambako protini hutengwa kwa ukubwa kisha kutambuliwa kwa kingamwili, proBDNF hukaa karibu na kilodaltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 32 na BDNF iliyokomaa karibu na 14, kwa hiyo anayeniletea picha iliyokatwa ikabaki na mstari mmoja, bila alama za ukubwa, hajaniletea kitu. Kingamwili nayo ihakikiwe kwa tishu isiyo na protini hiyo.

Msisahau umbali. Kiini cha seli inayohisi kidole cha mguu kipo kando ya uti wa mgongo, na ishara ya kuishi husafirishwa ndani ya kifuko kidogo pamoja na kipokezi chake, njia nzima ya akzoni. Usafiri huo ukikwama, seli inaweza kufa ilhali protini imejaa kwenye ngozi.

Kuhusu tiba nitasema machache, maana matangazo ya virutubisho yamekwisha kusema mengi mno. BDNF haivuki kirahisi kutoka kwenye damu kuingia kwenye ubongo. Wagonjwa wachache wa Alzheimer nchini Sweden waliomiminiwa NGF ndani ya ubongo katika miaka ya 1990 walipata maumivu ya mgongo na kupungua uzito, jambo lisilomshangaza anayejua kwamba watu waliozaliwa na TrkA yenye hitilafu hawahisi maumivu wala hawatoki jasho. Penye mafanikio, dawa iliwekwa mahali pake: matone ya macho ya cenegermin, ambayo ni NGF, yaliidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa ugonjwa wa konea (utando angavu wa mbele ya jicho) iliyopoteza neva zake.

Mwisho ni damu, kwa sababu wengi wenu mtapima BDNF humo. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, huhifadhi BDNF na kuimwaga damu inapoganda, ndiyo maana seramu (majimaji yanayobaki baada ya damu kuganda) huwa na kiwango kikubwa sana kuliko plazima (majimaji ya damu iliyozuiwa kuganda). Hapa Dar es Salaam jambo hili lina uzito wa pekee. Malaria hupunguza chembe sahani, na dengi, iliyolipuka jijini mwaka 2014 na 2019, hufanya vivyo hivyo. Seramu ya mgonjwa wa namna hiyo inaweza kuonyesha BDNF ndogo bila ubongo wake kuhusika kwa lolote. Ombeni hesabu ya chembe sahani kwa kila mshiriki. Chagueni seramu au plazima kabla ya kuchukua sampuli ya kwanza na msichanganye. Kila kichupa kiandikwe saa ya kutoa damu, saa ya kuingia kwenye sentrifuji na saa ya kuingia kwenye friza, na umeme ukikatika usiku, saa hizo nazo ziandikwe kwenye daftari hilohilo.